Tulifungwa Sita Ng'ambo ya Mto

Ndugu msomaji, ikiwa hujapata kufika Kindu, jambo la kwanza la kujua ni kwamba mji wetu umekatwa na mto. Lualaba hupita katikati, mpana, maji yake rangi ya chai, nasi twakaa huku na huku. Ukingo wa kushoto ndiko Kasuku na Mikelenge, na stesheni ya gari la moshi. Ukingo wa kulia ndiko Alunguli. Daraja hakuna. Mtu akitaka kuvuka hushuka bandarini, hupatana bei na mwenye mtumbwi, huketi bila kutikisika, humwomba Mungu kidogo, akavuka. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisema "ng'ambo", haulizwi ng'ambo ipi.

Siku za kawaida mto huu hautugombanishi. Twaoana, twazikana, twauziana mchele na samaki. Nyumba za Kasuku zisizo na shangazi au mjomba Alunguli ni chache. Lakini siku ya mpira mto huwa mpana mara mbili, na shemeji yako wa jana humtambui.

Sisi tunaoandika haya si wachezaji. Ni washangiliaji wa timu ya vijana ya mtaa mmoja wa Kasuku: wakristu na waislamu, mafundi cherehani, waalimu wawili, wauza mafuta ya mawese, wanafunzi, na akina mama kadhaa wenye sauti kutushinda sote. Msomaji asidhani twasema habari za AS Maniema Union. Hiyo ni timu kubwa, iliyoundwa mwaka 2005, nayo imelipeleka mbali jina la mkoa wetu. Katika msimu wa 2024-2025 ilifika kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, ikawekwa kundi moja na Mamelodi Sundowns ya Afrika ya Kusini na Raja na AS FAR za Moroko. Yetu ni timu ya kiwanja cha vumbi. Jezi zake tulizichangia, na namba 7 ziko mbili, kwa sababu fundi aliyezichapa alikuwa na haraka.

Twaandika kwa "sisi" kwa sababu yaliyotendeka tuliyatenda sote. Tulipokaa baadaye kutafuta nani alianza, hakuna aliyejitokeza, wala hakuna aliyeweza kumwonyesha mwenziwe kidole.

Yafaa tuanze nyuma kidogo, ili isionekane kwamba tulionewa. Mwaka 2023 watu wa Alunguli walivuka kuja kwetu, tukawafunga 2 kwa 1. Bao moja tu la kuzidi! Lakini tulifanya kama tumeteka nchi. Tulikata migomba, tukaifunga pamoja ikawa jeneza, tukaivika kitambaa cha rangi ya jezi zao, tukaibeba mpaka bandarini huku tukiimba nyimbo za matanga. Mama mmoja wetu alilia kilio cha kweli, akagaagaa mchangani, akitaja majina ya wachezaji wao mmoja mmoja kama marehemu. Wao walipanda mitumbwi yao kimya. Jeneza tukalisukuma majini liwafuate. Hatukuona ubaya wowote. Tulicheka mpaka usiku, na mwaka mzima tulipomwona mtu wa ng'ambo sokoni tulimpa pole ya msiba.

Mwaka huo huo tukapata sababu nyingine ya kuvimba kichwa. Tarehe 5 Novemba 2023, katika uwanja wa Mkapa huko Dar es Salaam, Yanga waliwafunga Simba 5 kwa 1, na mabao 2 kati ya hayo 5 aliyafunga Maxi Nzengeli, Mkongo aliyehamia Yanga mwaka ule ule akitoka Maniema Union ya kwetu. Basi Kindu nzima ikajiona imefunga. Tulifuata katika simu zetu jinsi watu wa Simba walivyohangaika. Wengine walikumbusha kwamba timu yao iliifunga Yanga 6 bila mwaka 1977, na 5 bila mwaka 2012. Wa Yanga wakajibu kwamba wao nao walifunga 5 bila mwaka 1968, wakati Simba bado inaitwa Sunderland. Siku 2 baada ya mchezo Simba wakaachana na mwalimu wao, Mbrazili Robertinho. Sisi tulikuwa tukicheka. Tungalitazama vizuri tungaliona kwamba watu walioaibishwa hutafuta vitu viwili: hesabu za zamani, na mtu wa kufukuza. Lakini nani hujifunza jambo kwa aibu ya mwenziwe wa mbali?

Zamu yetu ikafika Dominika moja ya mwezi wa Julai 2024. Ilikuwa kiangazi, maji yamepungua, mchanga umetokeza pande zote mbili, na vumbi la Alunguli jekundu limetanda juu ya kila kitu. Asubuhi tulikuwa kanisani na wachezaji wetu walio wakristu, tukapeana mkono wa amani. Saa nane tukavuka, mitumbwi sita, ngoma mbili, na mama yule wa kilio amevaa kitenge kipya.

Habari za mchezo hatutaki kuzirefusha, na msomaji atatusamehe. Bao la kwanza liliingia kabla wenzetu wa mtumbwi wa mwisho hawajapanda ukingo. La pili lilikuwa penati, tena ya haki, ingawa siku ile tuliapa kwa mbingu na nchi kwamba si haki. La tatu tulijifunga wenyewe: beki wetu aliurudisha mpira kwa kichwa vizuri kabisa, kama alivyofundishwa, ila golikipa alikuwa amekwisha toka. La nne lilipita katikati ya miguu ya golikipa, polepole, kama kuku anayeingia nyumbani jioni. La tano na la sita wengi wetu hatukuyaona vizuri, maana tulikuwa tumeanza kuutazama mto.

Watu wa Alunguli walihesabu kwa sauti moja: moja, mbili, tatu. Watoto wao walitengeneza jeneza, lakini dogo, la mabua, nalo lilitukera kuliko kama lingekuwa kubwa. Hata hivyo hayo tuliyatazamia. Jambo tusilolitazamia lilikuja baada ya bao la sita. Walinyamaza. Wakaacha kucheza. Bibi mmoja wa kwao akatujia na ndoo ya maji na kikombe, akasema, "Kunyweni, wanangu, jua ni kali." Kuhurumiwa na Alunguli! Afadhali wangalitutupia matope. Tulikunywa, kwa kuwa kiu ilikuwa kweli, lakini tokea wakati ule mioyo yetu iliharibika.

Mchezo ukaisha, tukaanza kutafuta maneno. Mmoja alisema mpira ulikuwa mzito. Mwingine alisema refa ameoa Alunguli, jambo ambalo ni kweli, lakini amezaliwa Kasuku. Mwalimu mmoja alisema vijana wetu hawakula vizuri. Ndipo fundi mmoja aliyekuwa amezunguka nyuma ya goli letu akarudi ameshika kitambaa cheusi kilichofungwa fundo. Tulikifungua. Ndani mlikuwa na unga mweupe uliochanganyika na wekundu. Hakuna aliyesema neno, lakini kila mtu alirudi nyuma hatua moja, na macho yetu yote yakamwendea golikipa.

Jina lake hatulitaji. Alikuwa na miaka 18. Mama yake, aliyekufa zamani, alizaliwa Alunguli. Yeye amelelewa Kasuku na bibi yake mzaa baba, mama mzee auzaye sombe kando ya njia. Miaka miwili kijana huyu alikuwa malaika wetu. Mwaka 2023 alizuia penati dakika za mwisho, tukambeba juu mpaka nyumbani kwa bibi yake, tukamvunjia ua wake kwa furaha. Siku zile hatukumwuliza mama yake alizaliwa wapi. Sasa tuliliuliza hilo kwa sauti. Mjomba wake si yuko hapa hapa? Hakulala kwake juzi juzi? Bao la nne lile, mtoto mdogo asingalilizuia? Na kitambaa hiki kilikuwa nyuma ya goli la nani?

Tukashuka bandarini jua likizama. Mwenye mtumbwi wa kwanza, Mgenya mmoja mtu wa mzaha, alitutazama, akasema nauli leo ni mara sita, mara moja kwa kila bao. Tulimbembeleza, tukakasirika, tukalipa mara mbili. Mitumbwi ikajaa. Golikipa alikuja nyuma ya wote, viatu vyake vya mpira vimening'inia shingoni. Hakuna aliyemkataza kupanda. Twataka msomaji alielewe jambo hili kama lilivyokuwa. Hatukumpiga, hatukumtukana. Ila kila mtumbwi alioukaribia, watu walikuwa wamekaa upana. Magoti yaliwekwa mbali mbali, ngoma ikalazwa, mama akatandaza kitenge. Alikwenda wa kwanza, akaenda wa pili, mpaka wa sita. Mtumbwi wa sita ulipoondoka alikuwa amesimama majini mpaka magotini. Wapiga kasia walianza kazi, na sauti yake ikaja juu ya maji mara mbili, tatu. Mtu mmoja akaanza wimbo wa kanisa, tukaupokea kwa nguvu.

Jumatatu hakuna mtu wa mtaa wetu aliyenunua sombe kwa bibi yule. Alikaa mpaka jioni, majani yake yakanyauka, akayakusanya. Jumanne usiku mawe yalianguka juu ya bati lake. Hatujui yalirushwa na mkono wa nani. Yaani twaujua, lakini hatukuuliza. Jumatano, penye bomba la maji, neno "mchawi" likasikika. Lilisemwa polepole na mtu aliyekuwa akijaza ndoo yake, naye hakuinua kichwa.

Wasomaji wa nchi yetu wanalijua uzito neno hilo. Si tusi la kawaida. Huku mashariki ya Kongo wako mama wazee waliouawa kwa ajili yake, na wengine kuchomwa moto, na waliowaua walikuwa majirani zao, watu wa kusalimiana nao asubuhi. Na hayo huanza hivyo hivyo, penye bomba.

Alhamisi jioni mzee mmoja, aliyestaafu kazi ya reli, akatuma watoto kutuita uani kwake. Huyu ndiye aliyetununulia mpira wetu wa kwanza, nasi humheshimu. Tulipokusanyika hakutuuliza habari za kitambaa. Akaanza mbali, kama desturi ya wazee.

Akasema, "Wanangu, ninyi mmefungwa sita mnalia. Mimi mwaka 1974 nilikuwa mvulana, tukafungwa tisa."

Alisema habari za timu ya taifa, Leopards, siku zile nchi ikiitwa Zaire. Mwezi wa Machi mwaka ule walitwaa Kombe la Afrika huko Misri, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale, jambo ambalo hakuna mtu aliyelifikia tena katika kombe moja mpaka leo. Mwezi wa Juni wakaenda Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia, na tarehe 18 Yugoslavia wakawafunga 9 bila. Mzee alikuwa ameketi chini ya dirisha la jirani mwenye redio. Baada ya bao la tatu, na mchezo bado mchanga, walimtoa golikipa Kazadi, wakamwingiza Tubilandu, naye akafungwa yaliyobaki. Ndaye mwenyewe akatolewa kwa kosa ambalo si lake; refa alimchanganya na mwenziwe.

"Kesho yake," akasema mzee, "mtaa mzima ulikuwa umekwisha jua sababu. Mwalimu wa timu, Vidinić, alikuwa mtu wa Yugoslavia. Basi ameuza mchezo kwa ndugu zake! Mimi pia niliamini. Niliamini miaka mingi. Baadaye wachezaji wenyewe wakaeleza: walikuwa hawakulipwa fedha walizoahidiwa, wakagoma, wakashurutishwa kucheza, wakaingia uwanjani mioyo imekufa. Fedha imeliwa na wakubwa, lawama amepewa mgeni kwa sababu ya mahali alipozaliwa." Akanyamaza kidogo. "Huyu wa kwetu mama yake alizaliwa wapi, hivi?"

Hakuna aliyejibu.

Mwalimu mmoja wetu, labda kwa kutaka kumsaidia mzee, labda kwa kutaka tusimtazame yeye, akaleta habari ya Barbosa. Huyu alikuwa golikipa wa Brazil mwaka 1950, siku Uruguay ilipoifunga Brazil 2 kwa 1 kwao, katika Maracanã, mbele ya watu wengi wasiopata kuonekana uwanjani. Bao la pili lilipita kati yake na mlingoti. Aliishi miaka 50 baada ya hapo, akafa mwaka 2000, nao walikuwa bado hawajamsamehe. Yeye mwenyewe alisema kwamba katika nchi yake kifungo kirefu kuliko vyote ni miaka 30, naye amekitumikia na kukipita kwa kosa la mpira. Habari hiyo ilitugusa, lakini Brazil ni mbali.

Butembo si mbali. Na mzee akaja Butembo. Tarehe 14 Septemba 2008 timu mbili za mji ule ule, Socozaki na Nyuki System, zilikuwa zikicheza. Nyuki walikuwa wamekwisha fungwa. Golikipa wao akaacha goli akapanda mbele, na watu wakapiga kelele kwamba ametenda uchawi. Wachezaji wakapigana, watazamaji wakaingia, mawe yakaruka, polisi wakatupa moshi wa kutoa machozi, umati wakakimbilia penye njia nyembamba. Watu wasiopungua 11 walikufa kwa kukanyagwa na kukosa pumzi, wengi wao watoto na vijana.

"Watoto waliokwenda kutazama mpira," akasema mzee. "Sasa, hiyo dawa yenu iko wapi? Nileteeni."

Kitambaa kilikuwepo. Fundi alikuwa amekiweka katika mfuko wa nailoni, na huo mfuko ndani ya kopo, na kopo nje ya nyumba, asilale nalo. Mzee akakifungua. Akanusa, akapiga chafya kubwa. Akachovya kidole, akaweka ulimini. Sisi sote tukamtazama kama atakufa.

"Chumvi," akasema. "Na pilipili. Imepungukiwa na yai tu."

Wauza mayai ya kuchemsha! Kila mmoja wetu ameyala mayai yale tangu utotoni, kandokando ya viwanja vyote vya Kindu, na kila muuzaji huchukua chumvi na pilipili iliyotwangwa ndani ya kitambaa. Siku ile ile ng'ambo tulikuwa tumeyala. Kumbe mtoto fulani alikuwa ameangusha mtaji wake nyuma ya goli letu, na bila shaka alipigwa nyumbani. Watu wazima zaidi ya 80, na waalimu wawili kati yao, hakuna aliyeonja.

Tulitamani kucheka, na mmoja alianza, lakini mzee hakucheka. Alisema neno moja tu: "Kwa bibi mtakwenda lini?" Kisha akaingia ndani, akatuacha uani.

Tulikwenda Ijumaa. Tulichanga tukanunua kuku na kilo chache za mchele, tukachagua watu saba, lakini njiani wakawa kama thelathini, maana hakuna aliyetaka kubaki. Tulimkuta anatwanga sombe. Tulisalimu, akaitika. Hakuacha kutwanga. Tulisimama pale na kuku wetu, mchi unapanda na kushuka, mpaka majani yakawa laini kabisa, akayatoa, akafuta mikono. Mkubwa wetu akaanza hotuba aliyoitayarisha, ya kumwita mama yetu na mzazi wetu. Bibi alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu alivuka na ninyi Dominika. Yuko wapi?"

Ni hilo tu alilosema. Kuku alimpokea, akamfunga mguu kwenye nguzo ya mlango. Mawe yaliyoanguka juu ya bati alikuwa ameyapanga kando ya ukuta, matano, safi, kama mafiga ya kupikia. Tuliyaona tulipotoka.

Jumamosi tukavuka, watu kumi. Mgenya yule yule alikuwa bandarini. "Nauli mnaijua," akasema. Tulilipa mara sita bila kubembeleza, naye akashangaa, akatuvusha kimya.

Kijana alikuwa kwa mjomba wake, anafyatua matofali, maana kiangazi ndiyo kazi ya watu wengi. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini, kama tulivyomwacha. Mjomba alitupa viti, akatuletea maji. Ni adabu ya Alunguli, tulikuwa tumekwisha ionja. Tulimwambia kijana habari ya chumvi na pilipili. Alisikiliza huku akilainisha tofali kwa kiganja. Tulimwambia kwamba tumekwenda kwa bibi. Tulimwambia arudi, nafasi yake golini ipo.

Akasema, "Mtumbwi wa mwisho ulipoondoka niliita. Mlinisikia?"

Tulitazamana. Ingalikuwa rahisi kusema kwamba upepo ulikuwa mkali, au kwamba tulikuwa tukiimba. Kweli tulikuwa tukiimba. Yule aliyeuanzisha wimbo alikuwa mmoja wa sisi kumi. Na ndiye aliyejibu.

"Tulisikia, ndugu yangu. Ndiyo maana niliimba."

Kijana aliendelea na tofali lake mpaka likawa sawa pande zote. Alishukuru kwamba tumekuja. Alituomba tumwambie bibi kwamba yu mzima, na kwamba fedha ya matofali ataileta. Kurudi hakurudi siku ile. Alirudi katikati ya Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mwenyewe, kwa mtumbwi wa asubuhi, akaingia kwa bibi yake kabla hatujaamka. Tangu hapo hulala huku na hufanya kazi huko, kila siku anavuka. Mpira alianza tena kucheza baada ya miezi kadhaa. Anachezea Alunguli.

Wengine kati yetu hilo liliwauma, wakasema, mnaona? Tuliwanyamazisha, lakini tusijisifu: ndani ya mioyo yetu sote neno hilo lilipita.

Katika mwezi wa Julai 2025 wao wakaja kwetu. Hapakuwa na jeneza upande wowote. Hakuna aliyelikataza, halikuja tu. Golikipa wao alisimama katika goli lile lile alilotuzuilia penati. Tulifunga bao moja, zuri, la kona. Tukashangilia, kisha tukatazama kando ya uwanja, alipokuwa ameketi bibi na beseni lake la sombe, upande wetu, mahali pake pa kila siku. Hakupiga makofi wala hakuinamisha kichwa. Alikuwa akiuza. Watu wa Alunguli wakasawazisha kabla ya mwisho, ikawa 1 kwa 1. Muuza mayai alipita mara tatu, na kila aliyenunua alisema, "Chumvi tia nyingi," na watu wote wakacheka, hata wa ng'ambo, ambao tulidhani hawaijui habari hiyo. Kumbe wanaijua tangu siku ya kwanza. Mgenya aliwaambia.

Jioni wageni wakashuka bandarini. Golikipa hakushuka nao. Alipita katikati yetu, viatu vimening'inia shingoni, amechukua beseni tupu la bibi yake kichwani, tukampisha. Mmoja wetu akamwuliza huko nyumbani leo mnakula nini.

"Mchele," akasema. "Sombe mmeimaliza."